Tupeane uzoefu: waliosoma masoko chuoni wakachukua na historia ya muziki

Mwana Magomeni

Habari za leo wakuu.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita na amepangiwa shahada ya masoko. Chuo kinamruhusu kuchukua kozi za hiari nje ya idara yake, naye kang'ang'ania historia ya muziki. Mzee nyumbani hataki kusikia. Anasema mkopo wa Bodi si wa kwenda kusikilizia nyimbo. Mimi nilipita njia hiyohiyo na sijutii, kwa hiyo naanza na yangu, nanyi mfuate.

Mwaka wa pili, Ijumaa mchana, kipindi cha historia ya muziki wa dansi. Mwalimu aliandika ubaoni: NUTA, JUWATA, OTTU. Akauliza, hizi ni bendi ngapi? Karibu darasa zima tukasema tatu. Kumbe ni moja. Ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadilishwa jina. Lakini mashabiki walikuwa na jina lao, Msondo, lililotokana na mtindo wa bendi. Wamiliki walikuja wakaondoka, watu wakaendelea kusema "leo tunaenda Msondo". Hadi leo ndilo jina lake.

Sasa asubuhi ya siku hiyohiyo tulikuwa na kipindi cha chapa, na desa (notisi za kukariri) lilikuwa limejaa mifano ya sabuni na soda za Marekani. Nilikuwa nimekariri kwamba chapa inakaa kichwani mwa mteja, haikai kwenye karatasi za kampuni, ila nilikuwa sijaielewa. Nimeielewa pale mbele ya ubao ule.

Nikaanza kuangalia bendi zote kwa jicho hilo. Western Jazz walikuwa na mtindo wa Saboso. Maquis, waliotoka Kongo, walikuwa na Kamanyola. Vijana Jazz wakawa na Koka Koka, kisha Takatuka, kisha Pambamoto. Mlimani Park walipoanza 1978 wakaja na Sikinde. Dar ilikuwa na bendi nyingi na redio ni moja tu ya serikali, hivyo kila bendi ililazimika kumwambia msikilizaji mapema: ukisikia ngoma inapigwa hivi, ni sisi. Kazi yangu ya utafiti ya mwaka wa tatu ilitoka hapo. Nilimhoji mzee mmoja aliyepiga tarumbeta enzi hizo. Alinitolea kanda iliyofungwa kwa mpira wa manila, akaizungusha kwa kalamu ya Bic kabla ya kuiweka kwenye redio, akaniambia nisiongee mpaka wimbo uishe. Hata swali la kwanza nilikuwa sijauliza.

Karibuni.

Mtoto wa Mlandege

Ahsante ndugu yangu kwa kuanzisha. Miye nimesoma biashara, kozi ya muziki nikaichukua kwa mapenzi ya taarab tu, nyumbani kwetu inapigwa tangu bibi yangu.

Kilichonigusa ni habari za Siti binti Saad. Sote tunajua alikuwa mwimbaji mkubwa, lakini darasani tulianza na vyungu. Alitoka Fumba, Unguja, alikuwa akiuza vyungu vya udongo, na sauti yake ndiyo iliyomtangulia njiani kuita wanunuzi. Halafu 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Hebu fikirini: kampuni ya gramafoni inataka kuuza mashine na sahani za santuri Afrika Mashariki, na watu wa huku wanataka kusikia Kiswahili. Kabla yake taarab ya majumba ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu, tangu Sultan Barghash alipompeleka mtu Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi. Siti akaiimba kwa lugha ya watu wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida mjini Unguja, na sahani zikanunuliwa. Mwalimu wetu wa masoko alikuwa akisema "mjue mteja wako". Bi Siti alimjua kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Mdogo wako aende.

Fundi Spika

Mimi nilisoma masoko peke yake na sasa napanga matamasha. Hayo mnayoyasema nimejifunza ukubwani, kwa hasara. Mruhusuni kijana.

Omosh wa Kayole

Salamu kutoka Nairobi. Kwetu kazi ya darasa ilikuwa kufuata njia ya santuri moja ya benga, muziki wa gitaa wa Kenya, kutoka studio hadi mikononi mwa mnunuzi. Nilishinda River Road siku nne. Mzee mmoja mwenye duka alinifunza kuliko kitabu. Alisema muuzaji wa kule mashambani hakuagiza kwa jina la wimbo, aliagiza kwa lugha: "nipe za Kijaluo kumi, za Kikamba tano". Yaani soko lilikuwa limeshagawanywa kabla hatujaletewa nadharia ya kuligawa. Santuri za bendi za Tanzania pia zilikuwa zikichapwa Nairobi, hadi mpaka ulipofungwa 1977. Hapo mzee alinyamaza kidogo, akasema mwaka ule alipoteza nusu ya wateja wake.

Dada wa Minnesota

Mimi nilisomea huku Marekani na historia yenyewe ilikuwa ya muziki wa Ulaya. Niliogopa, maana sikuwahi kukaa nikasikiliza simfoni. Aliyenifungua ni Haydn, mtunzi wa Austria. Aliingia utumishi wa familia ya kitajiri ya Esterházy 1761 na kwa karibu miaka thelathini akatunga anachotaka bwana wa nyumba hiyo. Halafu 1791 akafika London, ambako mwandaaji wa matamasha, Salomon, alikuwa ameuza tiketi kwa watu walioweza kulipa. Niliandika insha kuhusu hilo tu: mtunzi yuleyule akiwa na mnunuzi mmoja, kisha akiwa na ukumbi mzima. Ndiyo insha yangu bora ya miaka minne yote.

Kaka Bumu

Nikubaliane nanyi ila kijana ajue, kozi hii si ya mteremko. Mimi nilikula sapu, yaani nilifeli nikarudia mtihani. Mtihani wa kusikiliza unawekewa kipande kifupi, unatakiwa utaje enzi, ala na aina ya muziki, na desa halikusaidii kitu. Nilichofanya kabla ya kurudia ni kusikiliza nyimbo mbili kila usiku bila kuangalia jina, naandika ninachosikia, ndipo nafungua jibu. Wiki ya kwanza nilikosa karibu zote. Ya nne nilikuwa natofautisha gitaa la kati na la solo.

Mwana Magomeni

Ahsanteni sana wakuu, hii ya nyimbo mbili naipeleka leoleo. Nimemsomea mzee majibu yenu jioni hii. Alikuwa kimya hadi nilipofika kwenye Sikinde, akauliza kama na hao wamo kwenye kozi. Nikamwambia wamo. Tangu saa mbili anamhadithia mdogo wangu za ukumbi wa DDC Kariakoo, na kasema kesho atatafuta kanda zake zilipo.