Naomba ushauri: mafua kwa mtu aliyepandikizwa mapafu

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Tanga, Ngamiani. Kaka yangu alipandikizwa mapafu Chennai, India, mwaka 2022. Anatumia takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, dawa za kushusha kinga ili mwili usiyakatae mapafu.

Tangu jana ana mafua na kikohozi kikavu. Wanawe walianza kabla yake. Homa hana, ila hilo halinitulizi, maana dawa hizo huificha. Oksijeni ya kidoleni inasoma 95, kawaida yake 98, na kipimo chake cha kupuliza, kinachoonyesha nguvu ya mapafu, kimeshuka zaidi ya asilimia 10. Malaria hakuna. Zahanati wameandika klarithromaisini, antibiotiki. Sijampa, kwani inapandisha takrolimasi kwenye damu hadi kuumiza figo. Daktari wa India tumemwandikia, bado kimya. (Kujifukiza mwarobaini bibi ameshashauri, msijisumbue.)

Naombeni mnisaidie: hapa Tanga, au ni mpaka Dar, wapi wanapima influenza, RSV (kirusi kingine cha njia ya hewa) na korona kwa pamoja kwa PCR (kipimo cha vinasaba vya virusi)? Na oseltamiviri, dawa ya influenza ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, aanze sasa au tusubiri majibu?