Zabibu zangu Mikindani zinaoza kabla hazijaiva, shida ni nini?

Mwana wa Mikindani: Wakuu, salaam. Nina mizabibu nyuma ya nyumba, mbegu nyekundu ya Makutupora niliyoletewa na shemeji kutoka Hombolo, Dodoma. Majani yamestawi mpaka yamefunika uzio, ila vichala vichache, na punje zikianza kugeuka rangi zinapasuka na kuoza. Zinazopona zina ugwadu. Safari hii kuna na unga mweupe. Ni udongo au mbegu? Nataka nijaribu mvinyo kidogo wa nyumbani.

Chikongola Juu: Mkuu, mabibo yote haya yanaozea chini ya mikorosho, wewe unahangaika na zabibu? Uraka, pombe ya mabibo, unakusubiri 😂

Mama Kitangari: Mwanangu, udongo hauna kesi, kesi ni hewa. Mimi na marehemu mume wangu tulilima zabibu Mpunguzi, Dodoma, kabla sijarudi nyumbani. Kule ni juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua ikikatika mwezi wa nne au wa tano, imekatika. Mwezi wa saba mchana jua kali, usiku unatafuta blanketi. Usiku wa baridi ndio unaotunza rangi na ule ukali mtamu ambao mvinyo unautaka. Wewe uko baharini, usiku wako una joto na jasho.

Halafu huo unga ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Si ule ule wa mikorosho, ila ni ndugu, na salfa inawaua wote wawili. Sugua punje kwa kidole: unga ukitoka, chini utaona makovu ya kahawia kama wavu. Ganda lenye makovu halitanuki, mvua ikinyesha punje inavimba, inapasuka, kuoza kunaanzia hapo. Nyunyiza mapema, tangu machipukizi, asubuhi kabla jua halijawa kali, maana salfa ya mchana inaunguza majani. Wiki kadhaa kabla ya kuvuna acha kabisa, la sivyo mvinyo wako utanuka yai viza.

Ugwadu nao ni wa kivuli na mvua. Kwa joto la Mikindani zingeachwa zikaiva juani, ugwadu ungeisha wenyewe.

Dawa kubwa ni kisu. Huku kwetu mzabibu haupati baridi ya kuulaza, unauamsha mwenyewe kwa kupogolea uchipue upya, na kutoka hapo mpaka kuvuna ni kama miezi minne. Ndiyo maana Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Wewe achana na mavuno ya masika. Pogolea mwishoni mwa mwezi wa tano, uvune mwishoni mwa mwezi wa tisa kabla mvua hazijarudi. Tatizo utavuna wakati watu wote wako kwenye korosho, kibarua humpati.

Newala Mjini: Shikamoo mama. Sisi wa juu huku, na ubaridi wetu na upepo, si tungewashinda hao wa pwani?

Mama Kitangari: Marahaba, jirani. Hewa ingekubali. Maji je? Mzabibu wa kiangazi unataka maji tangu uchipue mpaka punje zijae, ndipo unapunguza zipate sukari. Mchanga wetu haushiki maji, na ndoo ya maji unajua tunainunuaje. Panda miwili mitatu karibu na tangi la maji ya mvua, usipande ekari.

Mwana wa Mikindani: Asante sana mama. Hapo mwezi wa tano nikate kiasi gani?

Mama Kitangari: Bila huruma. Kila tawi la msimu uliopita bakiza macho, yaani vifundo vya kuchipua, mawili au matatu, mengine yote chini, na majani yenye unga uyachome. Ukishachipua ufunge kwenye waya, usiuachie uzio. Vichala vikitokea, nyofoa majani yanayovifunika upande wa jua la asubuhi tu. Wa jioni uache, lile jua linababua.

Chikongola Juu: Mama, na mimi nimetamani. Mwana wa Mikindani, ukishapogolea usitupe vijiti, niwekee vipando.