Utitiri wa michungwa Muheza: salfa, mafuta au abamektini?

Mti120: Wakuu, shamba lipo Muheza, michungwa 120 ya Msasa na Valencia, miaka 9. Vitunda vilivyofunga baada ya mvua za vuli vimefikia ukubwa wa gololi, na vingine vimeanza kutu ya kahawia upande mmoja. Majani nayo yana vidoa vya kupauka. Nina bomba la mgongoni la lita 20. Kati ya salfa, mafuta ya kupulizia miti na abamektini (dawa ya kuua utitiri), ipi inafaa?

LenziMkononi: Mkuu, hapo kuna wadudu wawili, usiwachanganye. Kutu ya tunda ni utitiri wa kutu: wa manjano, umbo la karoti, miguu minne tu, hauonekani kwa macho matupu. Shika lenzi ya mara 10, angalia pale kivuli na jua vinapokutana kwenye tunda. Upande unaochomwa na jua haukai. Unapenda joto lenye unyevu, na yai hufika utu uzima ndani ya siku 7 hadi 10. Vidoa vya majani ni utitiri mwekundu, huo ni wa kiangazi, Januari na Februari, hasa miti ya kando ya barabara ya vumbi. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe, utawaona wakitembea.
Halafu kagua matunda SAFI. Lililokwisha kuwa kahawia halirudi, na mara nyingi wadudu wameshalihama. Ukipata wastani wa wadudu 2 kwa kila sentimita ya mraba, piga.

MzeeSalfa: Kwa kutu mimi nasema salfa, kwa bei hakuna inayoikaribia. Gramu 60 za salfa ya asilimia 80 ya kuchanganya na maji kwa bomba. Mti wa umri huo unakula lita 6 hivi, kwa hiyo ni mabomba 36, kama kilo 2 na robo. Ikoroge kwanza kwenye ndoo ndogo iwe uji, ndipo umimine. Na usichukue ile salfa ya mikorosho! Ile ni ya kupuliza kavu kwa mashine. Kwenye maji inaelea, kisha inaziba nozeli.

Ndimu_Chachu: Mzee, shikamoo. Bei nakubali, ila salfa inaua na utitiri rafiki unaowala hao wabaya, na jua likizidi nyuzi 32 inaunguza tunda. Mafuta ya asilimia 1, yaani mililita 200 kwa bomba, yanawaziba pumzi wote wawili pamoja na mayai ya mwekundu, na hawawezi kuyazoea. Gharama ipo, lita 7 na zaidi kwa shamba hilo. Yanaua kwa kugusa tu, jani lisipolowa pande zote umepoteza. Mti wenye kiu usiupulizie, utapukutisha majani.

MzeeSalfa: Marahaba. Basi achague moja, maana salfa na mafuta ndani ya wiki 3 ni kuchoma shamba.

BwanaNozeli: Abamektini ya asilimia 1.8: mililita 10 kwa bomba, ongeza mafuta mililita 50 ili ipenye kwenye jani kabla jua halijaivunja. Inafanya kazi vizuri kwenye majani machanga na vitunda vidogo, si majani magumu. Piga jioni, nyuki wakiwa wamerudi. Si zaidi ya mara moja kwa msimu, kisha badili dawa, la sivyo utitiri utaizoea. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zifuate kwenye lebo.

Mti120: Shukrani. Nimepiga kopa (dawa ya shaba) wiki mbili zilizopita kwa ajili ya ukungu, na sipamethrini (dawa ya wadudu) kabla ya hapo. Vinahusika?

LenziMkononi: Vyote viwili! Kuna ukungu rafiki unaoua utitiri wa kutu wakati wa mvua, na kopa inauua. Sipamethrini inafyeka wanaomla mwekundu. Acha sipamethrini kabisa. Sasa hivi kwa vitunda vyako piga salfa asubuhi mapema; machungwa yetu huiva yakiwa kijani, doa la kahawia linaonekana mbali na wanunuzi wa Kenya huyatenga. Mafuta yaweke Januari, mwekundu ukifika 5 kwa jani.

BwanaNozeli: Na bomba la mgongoni halifiki kileleni. Kodisha la injini, au pogoa katikati kwanza. Kagua tena baada ya siku 10, matunda 4 kwa mti, miti 10, ukianzia matunda ya juu.