Tupeane uzoefu: kuendesha skripti kutoka ndani ya kihariri chepesi

Katindo_Gauche
Wakubwa, mashini yenye RAM ya GB 2 ukiifungulia IDE nzito (programu kubwa ya kuandikia na kuendeshea kodi), unaweza kupika sombe ikaiva bado inafikiri. Kihariri chepesi kinafunguka hapo hapo, hata betri inakaa. Wenye Notepad++, Geany, Vim na Sublime: mumeweka amri gani, na wapi inakwama? Leteni amri yenyewe, si sifa.

Fundi_Birere
Kwanza tuelewane: kihariri hakiendeshi kitu. Kinaurushia mfumo mstari wa amri, basi. Ukishika hilo, nusu ya matatizo yanajieleza.

Notepad++, kwa skripti ya Python: bonyeza F5, andika

`cmd /k cd /d "$(CURRENT_DIRECTORY)" && py "$(FULL_CURRENT_PATH)"`

kisha ihifadhi kwa jina na ufunguo wake, mfano Ctrl+Shift+F9. `/k` ndiyo inayoacha dirisha wazi. Ukiweka `/c` litamulika kama radi na kupotea pamoja na ujumbe wa kosa. `cd /d` inakupeleka kwenye folda ya skripti, hata ikiwa kwenye flash yenye herufi nyingine ya diski. Bila hiyo, `open("majina.csv")` inaweza kutafutwa folda nyingine kabisa, nawe unapewa FileNotFoundError wakati faili unaiona kwa macho.

Alama za nukuu usizitoe. Folda ikiitwa "Devoir ya Python", Python itatafuta faili inayoishia kwenye "Devoir" na kusema haipo.

Na F5 haikuhifadhii faili. Ctrl+S kwanza, la sivyo unaendesha kodi ya zamani na kugombana na kosa ulilokwisha kurekebisha.

Himbi_prof
Aksanti yaya. Kwa nini `py` na si `python`?

Fundi_Birere
Mwalimu, kwenye Windows ya siku hizi, `python` ikiwa haimo kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri) inaweza kukufungulia duka la Microsoft, na kama hauna megabaiti umekwama. `py` inakuja na kisakinishi cha python.org na inapatikana hata kama ulisahau kutia alama ya PATH.

Ndosho_linux
Geany: F5. Kama inalia `python: not found`, ingia Build, kisha Set Build Commands, na kwenye Execute weka `python3 "%f"`. Ubuntu tangu 20.04 haiji na amri ya `python` tupu. Skripti ikimaliza, dirisha linakuonyesha namba ya kutoka na kungoja Enter: 0 ni salama, nyingine yoyote panda juu usome.

Vim: `:w` halafu `:!python3 %`. Kuna pia `:w !python3`, inayopeleka maandishi kwa Python bila kugusa faili. Angalia nafasi! Ukiandika `:w! python3` umetengeneza faili inayoitwa python3. Na kwa njia hiyo `input()` (inayongoja uandike kitu) haifanyi kazi, maana mlango wa kuingizia umeshachukuliwa na kodi yenyewe.

Kyeshero_K
Sublime ina ugonjwa huo huo. Ctrl+B inaonyesha matokeo tu, haipokei kitu. Ukiwa na `input()` unapata `EOFError: EOF when reading a line`. Si kosa la kodi. Iendeshe kwenye terminali, au weka thamani za majaribio juu ya faili.

Lingine, linalowatesa wanaoanza: usiite faili yako `random.py`. Python hutafuta kwanza kwenye folda ya skripti, kwa hiyo `import random` inaileta faili yako mwenyewe. Badilisha jina tu.

Himbi_prof
Skripti ya bash iliyoandikwa Windows, ukiipeleka Linux: `/bin/bash^M: bad interpreter`. `chmod +x` (ruhusa ya kuiendesha) imeshafanywa.

Ndosho_linux
Hiyo `^M` ni mwisho wa mstari wa Windows. Kwenye Notepad++ tazama chini kulia, palipoandikwa Windows (CR LF): bonyeza kulia, chagua Unix (LF), hifadhi. Faili ikiwa tayari Linux:

`sed -i 's/\r$//' skripti.sh`

Kwenye klavie ya AZERTY ya Kifaransa, `\` ni AltGr+8. Si `/`; ukizichanganya sed itakataa au itafanya kitu kingine.