Matokeo ya uchaguzi wa madiwani Slough, Uingereza, Mei 2023: viti 21 kati ya 42 maana yake nini?

Ujumbe wa kwanza, kutoka Langley

Shikamooni wakubwa, na habari za siku kwenu wote.

Mimi ni mgeni hapa Slough, mji ulio karibu na London; ninaishi mtaa wa Langley. Nilifika mwezi Novemba kwa kibali cha kazi ya uuguzi, na ninaishi peke yangu katika nyumba ya kupanga ya chumba kimoja. Mwezi Machi niliandikiwa kodi ya halmashauri, na kiasi nilichokiona kilinifanya nikae kitako. Baadaye ikaja kadi yenye jina langu ikinielekeza kituo cha kupigia kura, kwa kuwa nilikuwa nimejiandikisha katika daftari la wapiga kura baada ya mwenzangu kazini kuniambia kwamba benki na kampuni za simu hulitazama kabla ya kukukopesha. Kadi hiyo niliiweka kando nikidhani imetumwa kwa makosa, maana pasi yangu ni ya Tanzania.

Sasa ninasikia kwamba chama kilichokuwa kikiongoza kimeangushwa, na papo hapo ninasikia kwamba hakuna aliyeshinda. Naomba mnieleze jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja, na kama kodi yangu itashuka.

Ujumbe wa pili, kutoka Chalvey

Marahaba, mwanangu.

Kadi yako haikutumwa kwa makosa, na hilo nitalirudia, lakini niruhusu nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyowachanganya hata baadhi yetu tuliozeeka hapa.

Halmashauri ya Slough ina viti 42. Zamani tulikuwa tukichagua theluthi moja ya madiwani kwa zamu, karibu kila mwaka, mpaka mtu unachoka na makaratasi ya kampeni mlangoni; safari hii, tarehe 4 Mei 2023, viti vyote viligombewa siku moja, mipaka ya kata ikiwa imechorwa upya tukapata kata 21 zenye madiwani wawili kila moja. Chama cha Conservative kilipata viti 21, Labour 18, na Liberal Democrats 3. Labour, ambao walikuwa wameshika halmashauri hii kwa miaka mingi na kwa idadi kubwa ya viti, wamepoteza uongozi, na hapo wale waliokwambia kwamba wameangushwa wamesema kweli. Lakini nusu ya 42 ni 21, na wingi huanzia 22. Conservative wamefika kizingitini wakasimama hapo, kwa hiyo wale waliokwambia kwamba hakuna aliyeshinda nao hawakukosea.

Tazama tena hesabu hiyo. Labour wakiungana na Liberal Democrats nao wanafika 21. Madiwani wote wakihudhuria na kila mtu akisimama na upande wake, kura zinalingana, na sheria inampa anayeongoza kikao kura ya pili ya kuamua. Kiti hicho hukaliwa na meya, yule mnayemwona amevaa mkufu kwenye sherehe, ambaye siku nyingine zote hana mamlaka makubwa. Mwenye mamlaka ni kiongozi wa halmashauri, anayechaguliwa na madiwani wenzake na si na sisi moja kwa moja. Katika mkutano mkuu wa mwaka, mwezi huo huo wa Mei, Conservative wamechukua uongozi wakiungwa mkono na Liberal Democrats. Madiwani watatu ndio waliokuwa jiwe la mizani.

Jambo linalonifanya niandike kwa urefu ni kwamba siku hiyo hiyo, kote Uingereza kulikopigwa kura, Conservative walipoteza viti zaidi ya 1,000 na Labour wakavuna mamia. Slough mto ulirudi mlimani. Mwenye kutafuta sababu asiende mbali, aanzie kwenye ile barua yako ya Machi. Mwezi Julai 2021 afisa mkuu wa fedha wa halmashauri alitoa ilani chini ya kifungu cha 114 cha sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1988, ambayo kwa lugha ya nyumbani ni kusema kwamba mfuko umetoboka na hakuna matumizi mapya isipokuwa yale yanayolazimishwa na sheria. Kabla ya mwaka huo kwisha, serikali kuu ilileta makamishna kuisimamia. Ardhi na majengo ya umma yakaanza kuuzwa ili kupunguza madeni, na mwezi Aprili 2023 kodi ikapanda kwa asilimia 9.99, wakati halmashauri za aina yetu hazikuruhusiwa kuvuka asilimia 4.99 bila kuwauliza wananchi kwa kura ya maoni; Slough ilipewa ruhusa maalumu. Ongezeko hilo lilianza tarehe 1 Aprili na uchaguzi ukawa tarehe 4 Mei. Sidhani kwamba wengi wa majirani zangu walikuwa wakifikiria sera za London walipokuwa kwenye foleni.

Kuhusu swali lako la pili, jibu ni hapana. Kodi ya mwaka 2023 ilipitishwa kabla ya uchaguzi na haitabadilika mpaka Aprili 2024, na hata ikifika, viongozi wapya watakuta deni lile lile na makamishna wale wale. Hata hivyo umesema unaishi peke yako. Mtu mzima anayeishi peke yake ana haki ya punguzo la asilimia 25, nalo halihesabiwi kuwa fedha za umma, kwa hiyo halivunji masharti ya kibali chako. Usilichanganye na ile nafuu ya kodi wanayopewa wenye kipato kidogo, kwa sababu hiyo imo katika orodha ya fedha za umma, na mwenye kibali kama chako akiiomba anaweza kujitia matatani na uhamiaji. Ukipiga simu, taja punguzo la mkaaji mmoja, wala usitaje jingine.

Sasa nirudi kwenye kadi. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola aliyetimiza miaka 18, anayeishi hapa kwa kibali halali cha aina yoyote, anaruhusiwa kupiga kura ya madiwani na hata ya wabunge. Tanzania, Kenya na Uganda zimo, na Rwanda imo tangu 2009. Watanzania tumezoea mafiga matatu, rais, mbunge na diwani kwa siku moja, na pengine ndiyo maana wengi wetu hatukujua kwamba siku ya kura imefika, kwa kuwa hapa figa la diwani liliinjikwa peke yake. Hakuna wino wa kidole; unapewa karatasi na penseli iliyofungwa kwa kamba, unaweka alama mbili ikiwa viti ni viwili, unakunja karatasi na kuitumbukiza.

Jipya la mwaka 2023 ni kitambulisho chenye picha, ambacho hakikuwahi kudaiwa Uingereza katika uchaguzi wa madiwani wa kote nchini. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja wa kwetu aliyetoka zamu ya usiku, bado amevaa viatu vya wodini, akatoa kitambulisho cha kazi chenye picha na jina lake lote. Karani akamwambia kwa upole kwamba hicho hakikubaliki. Mama akafungua mkoba, akatoa kadi ya benki, kadi ya maktaba, mpaka picha ya mjukuu, na hakuna kilichofaa. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama ana kile kibali cha ukaaji cha kadi, akanijibu kwamba kipo nyumbani ndani ya Biblia. Alikwenda akarudi saa tatu asubuhi, akapiga kura. Pasi ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa pia, hata kama muda wake umekwisha, ilimradi picha bado inafanana nawe, na asiye na chochote huomba cheti cha mpiga kura bila malipo.

Ujumbe wa tatu, kutoka Upton

Mzee, nakushukuru kwa maelezo, lakini kuna jambo linaniuma. Mimi ni Mkongomani wa Lubumbashi, nimekaa hapa miaka kumi na moja, nina kibali cha kudumu, watoto wangu wanasoma hapa, na hiyo asilimia 9.99 nimeilipa kama ninyi. Dada yetu aliyefika Novemba ana kura, mimi sina. Shemeji yangu, Mkongomani kama mimi ila ana pasi ya Ubelgiji, yeye alipiga. Naomba nielezwe haki iko wapi.

Ujumbe wa nne, kutoka Chalvey

Ndugu yangu, haki hata mimi siioni, nami sitajaribu kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sheria haitazami miaka uliyokaa wala kodi uliyolipa, inatazama pasi. Kongo na Burundi hazimo katika Jumuiya ya Madola, na Omani vile vile. Shemeji yako alipiga kwa sababu katika uchaguzi huu wa 2023 raia wa nchi zote za Umoja wa Ulaya waliruhusiwa kuchagua madiwani, ingawa wengi wao hawachagui wabunge, na sheria ya uchaguzi ya mwaka 2022 inaipunguza haki hiyo pia kuanzia Mei 2024. Wale waliokuwa wakiishi hapa kihalali kabla ya mwisho wa mwaka 2020 wataendelea nayo, kwa hiyo mwambie atunze nyaraka za kuonyesha tarehe aliyofika.

Kwa upande wako, njia ni uraia, na kibali chako cha kudumu kikiwa kimepita miezi kumi na miwili unaweza kuomba, ingawa ada yake ni ya kumfanya mtu auze mbuzi. Ukiupata kabla ya Mei 2027 utakuta viti vyote 42 viko wazi tena. Kwa sasa jua kwamba diwani wa kata yako ni wako hata kama hukumpigia; ukiwa na shida ya nyumba, ya shule au ya takataka zilizolala barabarani, muandikie, na katika barua hiyo huna haja ya kueleza pasi yako ni ya wapi.

Ujumbe wa tano, kutoka Langley

Mzee, asante sana. Leo nilikuwa na mapumziko, nikapiga simu halmashauri na kusubiri kwa dakika arobaini nikisikiliza muziki. Punguzo la robo wamelikubali, na watalihesabu tangu Novemba nilipoingia katika nyumba hii.

Kadi nayo nimeipata, ilikuwa imeanguka nyuma ya jokofu. Kituo changu kilikuwa ile shule ya msingi ninayoipita kila asubuhi nikienda kupanda basi. Siku hiyo niliona kibao kimefungwa getini, nikadhani ni tangazo la mkutano wa wazazi.