MREJESHO: "iarann", chuma kwa Kiayalandi

Niliuliza kama iarann limetoka kwenye Kiingereza, na kwa nini mara huandikwa iarainn. Asanteni, yote yamefumbuka.

Asili ni Kikelti cha kale, īsarnom. S iliyokuwa kati ya irabu ikadondoka, likawa íarn katika Kiayalandi cha Kale. Ndugu yake wa Kiwelisi ni haearn. Wataalamu wengi huona kwamba lugha za jamii ya Kijerumani (Kijerumani, Kiingereza na ndugu zao) ndizo zilizoazima kwa Wakelti, kwa hiyo Eisen ya Kijerumani na iron ya Kiingereza ni jamaa zake, si wazazi. Hilo nimelipenda mno.

Sarufi: ni nomino ya kiume, ya kundi la kwanza la nomino za Kiayalandi. Kosa langu lilikuwa kuandika "an iarann" (an ni kama "the" ya Kiingereza). Nomino ya kiume inayoanza na irabu hudai t- baada ya an: an t-iarann. Kwenye umilikishi ("ya chuma") t- huondoka na nn hutamkwa ulimi ukielekea kaakaani, ndipo i huongezwa kabla yake: dath an iarainn, rangi ya chuma. Vivyo hivyo geata iarainn, geti la chuma.

Kwenye maneno ambatani hubaki iarn- tu: iarnród, reli. Konsonanti inayofuata hulainishwa (huongezewa h) inapowezekana: mangaire, mchuuzi, huwa iarnmhangaire, muuza vyuma.