Maneno ya Kiingereza ya shambani na mavuno yananichanganya, naombeni msaada

Jembe Butu: Wakuu habari zenu, nasoma kilimo na vitabu vyote ni vya Kiingereza, maneno hayakai kichwani kabisa, nakariri orodha usiku asubuhi imefutika yote. Kinachonivuruga zaidi ni kuvuna, mara harvest mara reap mara pick, ipi ni ipi sasa? Afu hay na straw mbona dikshonari yangu zote inasema nyasi kavu tu?

Kitalu: Mkuu achana na orodha ya a b c, fuata kazi inavyoenda shambani. Kulima kwa plau ni plough, kuvunja mabonge ni harrow, kusia mbegu ni sow, kuhamisha miche kutoka kitaluni ni transplant, kupalilia ni weed, hapo ndo unafika kwenye mavuno, kupura ni thresh (ila mahindi ukiyapukuchua wanasema shell), kupepeta ni winnow. Ukienda hivyo neno moja linavuta lenzake. Sasa kuvuna, harvest ni ya jumla, zao lolote lile. Reap ni kukata nafaka, enzi za mundu hiyo, siku hizi unaikuta zaidi kwenye misemo. Pick ni kuchuma, yaani pamba, chai, matunda. Viazi je? Vinachimbwa, kwa hiyo ni dig au lift. Ushauri wangu kila kitenzi kiandike na zao lake, usikiandike peke yake.

Makapi: Hiyo dikshonari itupe 😂 hay ni majani yaliyokatwa mabichi yakaanikwa, ni chakula cha mifugo. Straw ni mabua ya ngano au mpunga yanayobaki ukishapura, lishe yake ndogo, wengi wanatandika zizini. Na vile vinavyopeperuka ukipepeta ni chaff.

Mzee wa Mundu: Mmesahau matamshi, na ndo yanayoumbua watu. Plough isome plau kama tunavyoita sisi, Wamarekani wanaandika plow. Sow ya kusia inatamkwa so, ila kuna sow nyingine ni nguruwe jike, inatamkwa sau na herufi ni zilezile! Pia corn, kwa Mmarekani ni mahindi, ila kwenye maandishi ya zamani ya Uingereza ni nafaka yoyote, mara nyingi ngano, kwa hiyo angalia kitabu kimeandikwa wapi kabla hujaanza kubishana na mwalimu.

Jembe Butu: Aisee asanteni sana. La mwisho, crop na yield zina tofauti? Naziona zote kwenye sentensi moja.

Kitalu: Crop ni zao lenyewe, yield ni kiasi ulichopata kwa eneo, ndo maana utaona wanaandika yield ya tani kadhaa kwa hekta. Ukisikia bumper crop ujue mwaka huo ghala zimejaa.